Kampuni ya ndege yataka nilipe mafunzo nikiondoka: je, nitie saini?

*Assalamu aleikum, wakili. Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Malindi. Nilisomea urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, nina leseni ya rubani wa biashara, na baada ya kukaa nyumbani kwa muda mrefu nimepata kazi ya rubani msaidizi wa ndege ya Dash 8 katika kampuni moja ya hukohuko. Kabla ya kupelekwa Afrika Kusini kwa mafunzo ya simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege), nimepewa bondi ya kutia saini. Inasema nikiacha kazi kwa sababu yoyote kabla ya miezi 36, nitalipa Sh3,600,000 zote. Isitoshe, mshahara wangu utakatwa Sh30,000 kila mwezi kama "mchango wa mafunzo". Wanataka pia hati ya ahadi ya kulipa na mdhamini mwenye ardhi. Baba aliuza kiwanja cha Mambrui ili nisome. Sasa ami yangu yuko tayari kutoa hati miliki ya shamba lake la Gede. Wenzangu wanasema nitie saini tu, kwa kuwa bondi ni utumwa na mahakama haizitambui. Mama naye ameambiwa kwamba nikikiuka nitafungwa na kunyang'anywa leseni. Nimepewa hadi mwisho wa wiki ijayo. Nifuate la nani?*

Waaleikum salaam, binti yangu. Nionavyo, hofu yako ni mbili zilizoshikana: unachelea kuikosa kazi ambayo nyumba nzima imeigharamia, na unachelea kwamba kwa kuipata utawatia hasarani watu waliokubeba. Nitaanza na jibu lenyewe. Wenzako wamekosea, na aliyemtisha mama yako amekosea pia. Bondi ya mafunzo yaweza kukubana sawasawa mbele ya mahakama, lakini si njia ya kukupeleka jela wala ya kukuondolea leseni. Kuhusu hii uliyopewa, nisingependa uitie saini kama ilivyo. Ina mambo ya kurekebishwa, nayo ni ya kawaida kuombwa. Shamba la ami yako ni jambo tofauti: hilo halifai kuingia katika mkataba huu hata kidogo.

Niwajibu kwanza wenzako, kwa sababu ushauri wao ndio wenye hatari zaidi. Ni kweli kwamba Ibara ya 30 ya Katiba yetu inakataza utumwa na kazi ya kushurutishwa, na Ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Hata hivyo, bondi haikuzuii kuondoka. Bado unaweza kutoa ilani ya siku 28 ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inaiweka kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, au ilani ndefu zaidi ikiwa mkataba wako umesema hivyo, ukaenda zako. Kinachobaki nyuma yako ni deni, na deni la mtu mzima aliyesoma karatasi akatia saini kwa hiari yake huheshimiwa. Mahakama ya Rufaa ilikwishasema waziwazi, katika kesi ya Benki ya Taifa dhidi ya kampuni ya Pipeplastic Samkolit, kwamba si kazi ya mahakama kuwaandikia watu mkataba upya, ila pale panapothibitishwa kulazimishwa, ulaghai au kushawishiwa isivyo halali. Anayetia saini huku akijiambia kwamba karatasi haina maana ndiye ninayemwona akihangaika baadaye, kwa kuwa hakujadiliana wakati alipokuwa na nafasi ya kujadiliana.

Sasa mama. Mwambie atulie. Deni la mkataba ni kesi ya madai, si ya jinai. Polisi hawana kazi nalo. Sheria yetu ya mwenendo wa madai bado inaruhusu mdaiwa aliyekwisha kushindwa kesi kuwekwa kizuizini, lakini ni baada ya kupewa nafasi ya kujieleza, na mahakama iridhike kuwa ana uwezo wa kulipa na anakataa, au anaficha mali. Kutokuwa na fedha si kosa. Ama leseni, hiyo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na ni mamlaka hiyo tu inayoweza kuisimamisha au kuifuta kwa sababu zilizo katika kanuni zake za usalama. Mwajiri hana ruhusa ya kuikalia leseni yako kama amana ya deni. Hata cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka amwandikie mfanyakazi aliyetumikia wiki 4 mfululizo au zaidi, hawezi kukinyima kwa kuwa mnadaiana.

Ili ujue la kuomba libadilishwe, yakupasa uelewe kampuni inalinda nini. Dash 8 ni ndege ya marubani wawili, na kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, rubani wa ndege ya namna hiyo lazima awe na idhini ya aina hiyo ya ndege iliyoandikwa katika leseni yake. Leseni ya biashara peke yake haitoshi. Kwa hiyo kampuni italipa darasa, saa za simuleta, nauli, malazi na mtahini kabla hujampeleka abiria hata mmoja Malindi au Manda. Idhini ikishaandikwa ni yako, utahama nayo. Ukikusanya saa mia kadhaa angani, kampuni kubwa, za hapa na za Ghuba, zitaanza kukutazama kwa jicho jingine, na kampuni ndogo iliyokugharamia itabaki na kiti kitupu na gharama ya kumfunza mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli, na siihesabu bondi kuwa uovu kwa sababu tu ni bondi. Yanayonitia mashaka ni mambo yanayopenyezwa ndani yake.

La kwanza ni aina ya mafunzo. Kuna mafunzo yanayobaki kwako, kama hiyo idhini ya Dash 8, na kuna mafunzo ambayo ni sharti la kampuni yenyewe ili iruhusiwe kuendesha safari. Viwango hivyohivyo vya kimataifa vinamtaka kila mwendeshaji wa ndege za biashara awe na mpango wa mafunzo ya darasani na ya angani ulioidhinishwa, na awapime marubani wake uwezo wao mara mbili kwa mwaka. Taratibu za ndani za kampuni, vifaa vya dharura, mizigo ya hatari, mazoezi ya kila msimu: hayo ni gharama ya biashara, kama mafuta na matairi. Hayakupi sifa mpya ya kuhamia nayo, na kampuni ingeyalipia hata kama wewe hukuzaliwa. Tazama basi kama bondi yako inataja idhini ya Dash 8 peke yake, au inasema "mafunzo haya na mengine yoyote yatakayotolewa". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayofanya miezi 36 ianze upya kila unaporudi kwenye simuleta, na nisingeyakubali.

Tofauti hii haikuzuliwa na mimi. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2019 kuhusu mazingira ya kazi, uliamua kwamba mafunzo ambayo sheria inamlazimisha mwajiri kuyatoa ili kazi ifanyike yatolewe bila malipo na yahesabiwe kuwa saa za kazi. Huko Marekani, jimbo la California limepiga marufuku sehemu kubwa ya masharti ya "baki au ulipe" kwa mikataba inayofanywa kuanzia 1 Januari 2026, likiacha nafasi chache, ikiwemo ya gharama za cheti ambacho mfanyakazi anaweza kuhamia nacho. Sheria hizo hazikulindi wewe wa Malindi. Sheria yetu ya Ajira haina kifungu kinachoitaja bondi ya mafunzo, na kesi hizi huamuliwa kwa kanuni za jumla za mikataba na za haki kazini. Zile za nje zinachokuonyesha ni kwamba unachokiomba si kituko.

La pili, na ndilo kubwa, ni namna deni linavyopungua. Bondi yako haipungui. Ukiondoka siku ya pili unadaiwa Sh3,600,000, na ukiondoka wiki moja kabla ya miezi 36 kutimia unadaiwa Sh3,600,000. Hebu tuhesabu. Gharama hiyo ikigawanywa kwa miezi 36, kila mwezi unaotumikia una thamani ya Sh100,000. Ukiondoka baada ya miezi 30, kilichobaki kwa haki ni miezi 6, yaani Sh600,000. Lakini wakati huo umekwisha kukatwa Sh30,000 mara 30, ambazo ni Sh900,000. Kama makato hayo ni malipo ya mafunzo, basi umelipa Sh300,000 zaidi ya kilichobaki. Kwa maneno ya karatasi uliyonayo, hata hivyo, utakatwa hizo Sh900,000 na bado utadaiwa Sh3,600,000 nzima, jumla Sh4,500,000, juu ya miaka miwili na nusu ya kazi. Hapo kampuni hairudishiwi gharama yake. Inajipatia faida kwa kuondoka kwako.

Kisheria, jambo hilo lina jina lake la zamani. Tangu kesi ya Dunlop iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1914, ambayo kanuni yake mahakama zetu zimeirithi, kiasi kinachotajwa katika mkataba kwa ajili ya kuuvunja hukubaliwa kikiwa makadirio ya kweli ya hasara, na hukataliwa kikiwa adhabu ya kumtisha mtu. Kiasi kisichopungua hata baada ya kampuni kukutumia kwa miezi 30 kinanuka adhabu. Ninasema kinanuka, sisemi kwamba utashinda, kwa sababu wakili wa upande wa pili atakuwa na hoja zake, na kesi ina gharama na inakula muda wa ujana wako. Ni nafuu mara nyingi kulirekebisha jambo hili sasa kwa barua moja kuliko kulibishania baadaye kortini. Pamoja na hilo, omba uonyeshwe ankara ya chuo cha simuleta. Kama ankara ni Sh2,000,000 na bondi ni Sh3,600,000, una haki ya kuuliza zilizozidi ni za nini, na jibu lao litakufundisha mengi kuhusu kampuni unayoiendea.

Makato yenyewe yanahitaji neno lake. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kina orodha ya makato yanayoruhusiwa, na mwajiri hawezi kujibunia mengine kwa kuyapa jina zuri. Ulipaji wa mkopo ambao mwajiri amekukopesha kwa maandishi umo katika orodha hiyo, kwa mpaka wa asilimia 50 ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine, na makato yote kwa jumla hayapaswi kupita theluthi mbili ya mshahara. "Mchango wa mafunzo" usio mkopo, usiopunguza deni na unaobaki mfukoni mwa mwajiri, mimi sioni mahali pake katika orodha hiyo. Waulize kwa upole: ni mkopo au si mkopo? Wakisema ni mkopo, basi kila Sh30,000 ipunguze deni. Wakisema si mkopo, waiondoe.

La tatu ni yale maneno mawili, "sababu yoyote". Yasome ukijiuliza nani anaweza kuivunja ajira yako. Wewe waweza kuacha kwa hiari, na hapo ni haki ulipe kilichobaki. Lakini kampuni pia yaweza kukukataa mwishoni mwa kipindi cha majaribio, ambacho kwa sheria hakizidi miezi 6 kabla ya kuongezwa kwa ridhaa yako. Yaweza kupunguza wafanyakazi msimu wa watalii ukiharibika, nasi watu wa pwani tunajua jinsi msimu unavyoweza kuharibika. Unaweza kupoteza cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa maradhi usiyoyachagua. Na yaweza kutokea mishahara ikacheleweshwa miezi mitatu, minne, ukaondoka kwa sababu huna nauli ya kufika kazini. Hali hii ya mwisho ina ulinzi: katika kesi ya Coca-Cola dhidi ya Ligaga ya mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mfanyakazi anayeondoka kwa sababu mwajiri amevunja msingi wa mkataba huhesabiwa kuwa ameachishwa kazi. Lakini ulinzi huo unautafuta kortini, na ushahidi ni wa kuleta wewe. Afadhali karatasi yenyewe iseme kwamba bondi inadaiwa pale tu unapojiuzulu kwa hiari yako, au unapofukuzwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu uliothibitishwa baada ya kusikilizwa.

Nije kwenye hati ya ahadi ya kulipa, ambayo watu huitia saini haraka kwa kuwa ni fupi. Ufupi wake ndio makali yake. Bondi ina masharti, na mtu aweza kuyajadili. Hati ya ahadi inasema tu kwamba utalipa kiasi fulani, na anayeishika anaweza kukushtaki kwayo bila kuigusa bondi, akiiacha hoja yako ya miezi uliyotumikia ikielea. Iombe iondolewe. Wakikataa, iandikwe juu yake kwamba inafuata masharti ya bondi, kwamba kiasi chake kinapungua pamoja na bondi, na kwamba haiwezi kuhamishiwa mtu mwingine. Usiitie saini ikiwa na nafasi tupu ya tarehe au ya kiasi.

Na shamba la Gede. Hapa nitasema kwa nguvu zaidi, kwa kuwa nimeona ukoo mzima ukikosana kwa udhamini wa namna hii. Ami yako akitia saini ya udhamini kwa maandishi, anaweza kudaiwa yeye kama wewe, hata kama wewe uko Doha na una kazi nzuri. Akikabidhi hati miliki, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaweza kulihesabu tendo hilo kuwa rehani isiyo rasmi. Kampuni haitaweza kuliuza shamba bila amri ya mahakama, huo ni ulinzi. Lakini ami yako naye hataweza kuuza, kukopea wala kugawa mpaka hati irudi. Ikiwa ndiyo nyumba anamoishi na mkewe, ridhaa ya mke inahitajika. Tena kuna swali ambalo huenda hakuna aliyeliuliza: shamba hilo ni lake peke yake, au ni la marehemu babu yenu na hati imebaki kwa jina la ami kwa kuwa ndiye mkubwa? Kama ni mirathi ambayo haijagawanywa, shangazi zako wana mafungu yao humo. Mambo ya mirathi kwa familia ya Kiislamu yanaweza kwenda kwa Kadhi, ila ugomvi wako na kampuni hauendi huko. Ardhi ya watu wengi isiwekwe dhamana ya kazi ya mtu mmoja. Gharama ya mafunzo ya simuleta hailingani na hatari hiyo, na kampuni inayolipwa kwa utumishi wako wa kila mwezi haina haja kubwa ya shamba.

Je, wakikataa kubadilisha chochote? Nisikufiche: marubani vijana wenye saa mia mbili na kitu ni wengi, nafasi ni chache, na kampuni inajua hivyo. Hutapata yote. Kama ningekuwa mzazi wako, miezi 36 ningeimeza, ingawa 24 ingenipendeza zaidi. Deni lipungue kila mwezi na "sababu yoyote" ziondoke. Wakikubali hayo mawili na kuliacha shamba, tia saini na uende ukafanye kazi yako kwa moyo mweupe. Wakikataa kupunguza deni lakini wakaliacha shamba, uamuzi ni mgumu, nawe utakuwa unakubali kwa macho wazi kwamba huondoki miaka mitatu. Wakishikilia shamba, waache. Njia ya kujilipia mwenyewe idhini hiyo ili uwe huru, ambayo najua baadhi yenu huifikiria, sikushauri: idhini isiyo na saa za kazi mara nyingi haikupatii ajira, na nyumbani kwenu kumekwisha kuuzwa kiwanja kimoja. Ndege ndogo kama Caravan, zenye mafunzo ya gharama ndogo na bondi fupi, ni mlango wa polepole lakini wa heshima, na marubani wengi waliopita Wilson walianzia hapo.

Waandikie kampuni wiki hii, kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu, kwa lugha ileile ya mkataba. Washukuru kwa nafasi, sema unakubali msingi wa bondi, kisha uombe ankara, upungufu wa kila mwezi, makato yahesabiwe ndani ya deni, ujiuzulu wa hiari uwe ndio sababu ya kudaiwa, na udhamini wa ardhi uondolewe. Usiwatishe, usitaje kesi. Wakikujibu kwa simu, waandikie tena kuthibitisha walichosema, kwa sababu ahadi ya mdomo ya meneja haitakusaidia siku atakapokuwa amehama. Hakikisha pia bondi imetiwa saini kabla ya mafunzo na nakala yake iko mkononi mwako. Ikiletwa baada ya mafunzo kumalizika, usitie saini bila kumwona wakili.

Wakili umwone ana kwa ana kabla ya kutia saini, uje na barua ya ajira, bondi, hati ya ahadi na chochote walichokuandikia. Kama ada ni kikwazo, Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa na husaidia wasio na uwezo. Ukiwa umekwisha kuingia kazini na mkakosana, afisa wa kazi anaweza kuwakutanisha kwanza. Ikishindikana, Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi inakaa hapahapa Malindi, na madai ya mkataba wa kazi yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo usikae ukisubiri. Weka hati zako zote za mshahara tangu mwezi wa kwanza. Na kama, pamoja na haya yote, ami yako bado anataka kukudhamini, basi aende yeye mwenyewe kwa wakili mwingine, asiwe wako wala wa kampuni, kwa sababu katika karatasi hiyo maslahi yake na yako si mamoja.